Sima ilibaki, kitoweo kikaondoka

Mei 2020, Ramadhani ikikaribia nusu, serikali ya Kenya ilifunga Mji wa Kale wa Mombasa na Eastleigh ya Nairobi kwa sababu ya korona. Hakuna kuingia wala kutoka. Kwa kibarua anayelipwa jioni na kununua chakula jioni hiyohiyo, agizo hilo lilikata kipato na soko kwa mpigo mmoja.

Tukisikia njaa ya karantini tunawaza tumbo tupu. Aghalabu sivyo inavyokuwa. Fedha zikipungua, unga ndio wa mwisho kuachwa. Hutangulia samaki, maziwa, mayai, matunda na mboga za majani. Ni ghali, tena huoza upesi: lori likizuiwa njiani, mchicha haungoji kibali. Mtoto hulala ameshiba sima huku mwili ukikosa madini ya chuma na vitamini A. Hiyo ndiyo njaa iliyojificha.

Hujificha kwa sababu mwili una akiba. Ini la mtu aliyekuwa akila vizuri huhifadhi vitamini A ya miezi kadhaa, ilhali vitamini B1 huisha kwa wiki chache tu. Aliyeingia karantini na akiba haba huumia mapema, hasa mtoto mdogo na mjamzito. Na hata kilichopo sahanini hakifiki chote mwilini. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na maharage huzuia sehemu ya chuma isifyonzwe. Ndimu iliyokamuliwa juu ya maharage hayohayo husaidia kifyonzwe. Chai ingoje walau saa moja.

Wenye friji na mshahara wa uhakika walipata shida nyingine, ya kukaa, kudokoadokoa na kunenepa. Hao walikuwa na la kuchagua.

Shule nazo zilipofungwa, chakula cha mchana kilikwenda nazo: Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilikadiria watoto milioni 370 walikosa mlo wa shuleni mwaka huo. Kwa waliokosa kipato, Uganda iligawa huko Kampala na Wakiso kilo 6 za unga wa mahindi na 3 za maharage kwa kila mtu. Maharage yalikuwa uamuzi wa busara, ila mgao ule uliishia karibu na hapo.

Wanaopanga mgao wa dharura ujao waongeze dagaa wakavu. Hawahitaji friji, na wakiliwa wazima na mifupa yao hutoa protini, kalsiamu na vitamini B12, ambayo kiasili haimo kwenye unga wala maharage.