Tutawaachia Watoto Ardhi Gani?

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijalia, watu wa baiskeli wanaingia mjini Kamina wakisukuma mizigo ya makala. Ukimwuliza mmoja wao ametoka wapi, atakutajia mahali pa mbali kuliko pale alipokata baba yake. Wala hatumlaumu. Anatafuta ada ya shule ya watoto wake, nasi tunaomlipa ndio tunaopikia bukari kwa makala yake. Lakini hesabu ya kazi hiyo yatupasa kuijua.

Wanafunzi, twaeni kalamu. Tanuru la udongo, katika kilo 100 za kuni kavu, hutoa makala kilo 10 hadi 20 tu. Basi gunia moja la kilo 50 limekula kuni kilo 250 kwa uchache, na mara nyingine kilo 500. Nyumba moja ikimaliza magunia mawili kwa mwezi, kwa mwaka imekula kilo ngapi? Jibu ni kilo 6,000, na huenda zikafika 12,000. Haya, zidisheni kwa nyumba za mtaa wenu.

Miti ya miombo ina subira kubwa. Kisiki kilichokatwa huchipua tena, na baada ya miaka mingi msitu hurudi, mradi upewe kupumzika na kukingwa na moto. Moto wa mwanzo wa kiangazi, majani yakiwa bado mabichi kidogo, hupita bila madhara makubwa. Moto wa mwezi wa tisa au wa kumi huua machipukizi yote. Basi shida yetu si shoka peke yake. Shida ni kwamba mahali pasipo mlinzi hapapewi kupumzika kamwe.

Je, kuweka ardhi akiba kwa ajili ya watakaozaliwa ni jambo geni kwetu? Hata kidogo. Tarehe 15 Mei 1939 iliundwa Mbuga ya Taifa ya Upemba, ambayo leo inashika sehemu ya jimbo letu la Haut-Lomami na ya jimbo jirani la Haut-Katanga. Hapo mwanzo ilikuwa na kilometa za mraba 17,730. Mwaka 1975 mipaka yake ilipunguzwa. Humo wamo punda milia wa mwisho wa nchi yetu. Katika mabonde ya maji ya Upemba yuko pia swala ambaye wataalamu walimpa jina lake mwaka 2005 tu, na waliomhesabu kwa ndege miaka ya karibuni walikadiria kwamba hawafiki 100. Swala huyo hayupo mahali pengine duniani. Akiisha hapa, ameisha.

Lakini tuseme kweli yote. Mipaka ya mwaka 1939 ilichorwa na serikali ya kikoloni, na waliolima na kuvua huko hawakuulizwa kama wenye nchi. Mtu asiyeulizwa huona mbuga kuwa mali ya wengine. Tena vita vilifika: mwaka 2004 watu wenye silaha walishambulia makao ya mbuga huko Lusinga, wakaua watu. Walinzi wanastahili heshima yetu. Hata hivyo bunduki ya mlinzi haitoshi, kama majirani hawaoni kwamba kinacholindwa ni chao.

Kwa sababu hiyo, wazee wa vijiji, sikilizeni vizuri. Sheria ya misitu ya mwaka 2002, pamoja na amri ya serikali ya tarehe 2 Agosti 2014, inaruhusu jamii ya kijiji kupewa msitu inaoumiliki kwa desturi. Msitu huo waweza kufika hekta 50,000. Hupewa bure, hupewa kwa daima, na anayetia sahihi ni gavana wa jimbo. Tangu mwaka 2016 imewekwa pia namna ya kuutunza: mkutano wa jamii nzima, kamati ya kuendesha kazi, kamati ya kukagua, na baraza la wazee. Ardhi yenyewe hubaki ya Serikali, kama sheria ya mwaka 1973 inavyosema, na madini ya chini hayamo. Lakini msitu huo hauwezi kuuzwa na mtu mmoja kwa siri usiku.

Hapo ndipo penye uzito. Mara ngapi tumesikia kwamba kipande cha ardhi ya ukoo kimekwenda kwa mgeni, kwa fedha iliyokwisha kabla ya mvua ya kwanza? Watoto wakiuliza, hujibiwa kwamba mzee alitia kidole katika karatasi. Mzee amekufa, fedha imeliwa, na karatasi ingali hai.

Basi tufanye nini? Kwanza, mipaka ya kijiji ijulikane, wazee waitembee pamoja na vijana, si wazee peke yao. Pili, sehemu moja iachwe bila shoka wala moto wa mwisho wa kiangazi, na jamii nzima ikubaliane juu yake, wanawake nao wakisema, kwa maana ndio wanaokwenda kuokota uyoga na kuni. Tatu, anayejua kusoma awasomee wengine maandishi ya sheria, neno kwa neno, kabla mtu hajatia sahihi. Hii ni kazi yenu, wanafunzi. Msiseme ninyi bado ni wadogo.

Ninyi nanyi baba na mama wa jamaa, jioni mtakapowasha mbabula, watazameni watoto wanaongojea chakula. Sisi tulipewa ardhi yenye miti na watu ambao wengi wao hatukuwaona kwa macho. Watoto hawa nao watakuwa na watoto. Kijiji kikiweka akiba msitu mmoja mwaka huu, wajukuu watakuta mahali pa kuokota uyoga.