Kagera ilivyompima Wayland

Katika maandiko ya Zama za Mawe yaliyochapwa katikati ya karne iliyopita, Kagera si jina la mto tu, bali pia la kipindi kirefu cha mvua kilichodhaniwa kuitangulia mingine yote Afrika Mashariki. Leo wataalamu hawakitambui tena. Mto wenyewe ndio huu unaoitenga Wilaya ya Kyerwa, nchini Tanzania, na Rwanda na Uganda, na chimbuko la nadharia hiyo ni Edward James Wayland, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa kwanza wa Idara ya Jiolojia ya Uganda kuanzia mwaka 1919. Kuanguka kwa nadharia yake hakumshushii hadhi, kwa sababu alituachia ushahidi unaoweza kuhakikiwa.

Wayland alisoma kingo za mito kwa mantiki inayoeleweka. Changarawe iliyolala juu kuliko maji ya leo ni dalili kwamba mto uliwahi kufika pale. Kwa kuwa Ulaya ilipitia enzi za barafu, aliona Afrika nayo ilipitia enzi za mvua nyingi, hivyo zana za mawe zingepangwa kiumri kwa kuzifuata mvua hizo. Mkutano wa watafiti uliofanyika Nairobi mwaka 1947 uliukubali mpangilio wa namna hiyo. Lakini mvua si sababu pekee. Ardhi ya kando ya Bonde la Ufa ilipoinuka, Kagera iliyokuwa ikielekea magharibi iligeuka ikatiririka mashariki, na maji yaliyozuiliwa yakawa Ziwa Victoria. Ardhi ikiinuka, mto huchimba chini na kuiacha changarawe yake juu, hata mvua isipobadilika. Mwaka 1959 mwanajiolojia W. W. Bishop alionyesha pia kwamba kokoto za Mto Kafu, nchini Uganda, ambazo Wayland alizihesabu kuwa zana za kale kabisa, zingeweza kupasuka bila mkono wa mtu.

Basi kwa nini akumbukwe? Kwa sababu alitaja mahali na tabaka, na waliompinga wakaweza kurudi palepale. Nsongezi, kwenye ukingo wa Kagera upande wa Uganda, ilichimbwa upya miaka ya 1960. Zana nzito alizozitambua mwaka 1920 kwenye Ghuba ya Sango ya Ziwa Victoria bado zinaitwa kwa jina la ghuba hiyo. Wapo watakaosema alikuwa ofisa wa serikali ya kikoloni iliyotafuta madini. Ni kweli, na hilo linaeleza kilichomleta, lakini ukweli wa tabaka la changarawe hauamuliwi na nia ya aliyelipima. Kwa wachimbaji wa mchanga na bati wa Nyakatuntu, wilayani Kyerwa, na jirani zake, funzo ni la vitendo: jiwe lenye dalili za kuchongwa liachwe lilipo na taarifa itolewe, kwa kuwa likishang'olewa kwenye tabaka lake, hakuna atakayeweza kuthibitisha umri wake wala kuupinga.