Papa na Pomboo

Wavuvi wa pwani huwafahamu wanyama wawili wanaofanana sana: papa na pomboo. Wote wawili wana mwili uliochongoka, pezi mgongoni, mapezi mawili ubavuni na mkia wenye nguvu. Je, wanyama hawa ni ndugu wa karibu? Tuchunguze.

Papa ni samaki. Huvuta hewa iliyo ndani ya maji kwa matamvua. Aogeleapo, mkia wake huenda kushoto na kulia.

Pomboo ni mamalia. Hunyonyesha mtoto wake, na huvuta hewa kwa mapafu kupitia tundu lililo juu ya kichwa. Mkia wake huenda juu na chini. Akinaswa na wavu asiweze kupanda juu, hufa maji, ingawa maisha yake yote huishi baharini.

Sasa papasa mkono wako. Kutoka begani hadi kiwikoni kuna mfupa mmoja. Kutoka kiwikoni hadi kifundoni kuna mifupa miwili. Kisha kuna mifupa midogo ya kifundo, ya kiganja na ya vidole. Ndani ya pezi la ubavuni la pomboo mna mifupa iliyopangwa vivyo hivyo. Katika pezi la papa mpango huo haumo.

Wewe na pomboo mmerithi mpango huo kutoka kwa babu mmoja wa kale sana. Wahenga wa pomboo walikuwa wanyama wa nchi kavu wenye miguu minne. Walianza kuishi majini kiasi cha miaka milioni 50 iliyopita. Kati ya wanyama waliopo leo, kiboko ni ndugu wa karibu wa pomboo na nyangumi.

Basi, mbona pomboo anafanana na papa? Maji huzuia mwendo. Katika kila kizazi, wale waliochongoka zaidi waliogelea upesi, wakapata chakula, wakazaa watoto waliofanana nao. Jambo hilo lilitokea katika ukoo wa papa, na likatokea peke yake katika ukoo wa pomboo.

Kumbuka: umbo la nje huweza kutokana na namna ya kuishi. Ukitafuta undugu, chunguza pia viungo vya ndani.

Zoezi
1. Taja tofauti tatu kati ya papa na pomboo.
2. Kwa nini pomboo aweza kufa maji?
3. Bawa la popo lina mifupa ya mkono na vidole. Bawa la kipepeo halina mfupa. Je, mabawa hayo yanafanana kwa sababu ya undugu au ya kazi? Eleza.