Shimo la Zamani Lina Wenyewe

Itigi ni mji wa reli na wa jasi. Kiangazi, malori hupanga foleni kubeba jasi inayochimbwa kwenye mbuga za udongo mzito, ikapelekwe viwanda vya saruji. Masika mbuga hujaa maji, kazi hulala, na wapo vijana wanaofunga virago kwenda kutafuta dhahabu: wengine Iramba upande wa kaskazini, wengine Chunya upande wa kusini. Baba na babu zao walipita njia hizo hizo. Dhahabu ya Lupa, huko Chunya, ilipovuma katika miaka ya 1920 na 1930, stesheni ya Itigi ilikuwa mlango wake. Watu waliteremka treni hapa, wakashika barabara ya Rungwa kuelekea Chunya.

Ndiyo maana kijana wa Itigi anapaswa kuzijua mila za wachimbaji kama anavyozijua za ukoo wake. Na mahali pazuri pa kujifunzia, kwa safari ya siku moja ya kikundi, ni Sekenke wilayani Iramba, kwenye mashimo yaliyochimbwa tangu enzi za Wajerumani.

Mgodi wa Sekenke ulianza kazi mwaka 1909. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto na meli za Uingereza zikaifunga pwani, serikali ya Kijerumani iliishiwa fedha za kulipia watu. Mwaka 1916 mafundi wa karakana ya reli Tabora wakapiga sarafu ya rupia 15 kwa dhahabu ya Sekenke. Upande mmoja ilikuwa na tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, upande mwingine tai wa Ujerumani. Zilitoka sarafu 16,198, kisha Septemba mwaka huo Wabelgiji wakaiteka Tabora. Leo sarafu moja ina thamani kubwa kwa wakusanyaji duniani, lakini majina ya Waafrika waliozama kuitoa dhahabu hiyo hayakuandikwa popote juu yake. Kumbukumbu yao ni mashimo.

Kikundi kikifika, hakikimbilii shimoni. Kwanza ni ofisi ya kijiji, kisha mwenye leseni ya eneo, kisha msimamizi wa duara, yaani shimo lenyewe la kuchimbia. Machimboni mgeni hachungulii duara la mtu kabla hajasalimia na kujitambulisha. Aliyeko juu ana wenzake chini, na kila sura ngeni ukingoni ni jambo la kuangaliwa. Mzee anayeongoza wageni akishapewa shikamoo yake na kuitikia marahaba, huuliza maswali machache: nani ana pumu, nani anaogopa giza, nani amekunywa. Mwenye pombe kichwani anabaki juu, hata kama ndiye aliyelipa nauli ya gari. Majina yanaandikwa, na mtu mmoja anaachwa nje na orodha.

Mdomo wa handaki la zamani ni mdogo kuliko unavyodhaniwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa methali inatimizwa kwa mgongo. Hatua chache tu, joto la nje linakatika, harufu ya popo inapanda puani. Ukimulika tochi ukutani unaona alama za patasi, fupi fupi, zimepangana mstari kwa mstari, kila moja ni pigo la nyundo la mtu aliyekuwa amepiga magoti. Mzee anagonga timba, gogo linaloshikilia paa, kwa fimbo kabla ya kupita chini yake. Timba zima hulia kavu. Lililooza humeza sauti. Likimeza, msafara unageuka hapo hapo bila mjadala. "Wanangu, mlima haubembelezwi," huwaambia, na anayebisha hapelekwi tena.

Desturi hizi zimelipiwa kwa roho za watu. Oktoba 2015, huko Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji 6 walifukiwa chini. Mmoja alifariki. Watano waliishi kwa mizizi, mende na vyura, wakikinga matone ya maji kwa kofia zao, hadi wachimbaji wenzao waliposikia sauti na kuwafukua baada ya siku 41. Waliookolewa waliokolewa kwa sababu kulikuwa na watu waliotega sikio. Hiyo ndiyo mila ya kwanza ya machimbo: hakuna anayezama peke yake, na walioko juu hawaondoki mpaka wa mwisho atoke.

Mila ya pili ni mgawo. Mbale, yaani mawe yenye dhahabu, ikipanda juu, husampwa mbele ya watu: jiwe linatwangwa, linaoshwa kwenye karai, na kila jicho linaona kilichobaki. Viroba hugawanywa kwa makubaliano ya tangu mwanzo kati ya mwenye leseni, mwenye duara na waliochimba. Aliyevunjika mguu hachukuliwi kuwa ametoka kundini, na msiba wa mmoja ni mchango wa kambi nzima. Kwenye mabanda ya mama lishe, Mnyiramba, Mnyaturu, Mgogo, Mkimbu na Msukuma wanakaa benchi moja mbele ya ugali na mlenda, wakitaniana bila mtu kununa. Wageni wakila hapo badala ya kufungua vyakula walivyobeba, wanakuwa wamelipa ada yao ya ugeni.

Lakini si kila kilichorithiwa kinafaa kurithishwa. Kwa miaka mingi mwanamke alikatazwa kusogelea mdomo wa duara, eti dhahabu itakimbia, na baadhi ya machimbo bado yanashikilia hivyo. Wanawake walijibu kwa vitendo: mwaka 1997 waliunda chama chao cha wachimbaji, TAWOMA, na leo wapo wenye leseni na maduara yao. Dhahabu haijakimbia.

Kibaya zaidi ni mambo ya waganga. Kuomba heri na kuwakumbuka waliotangulia ni haki ya kila mtu. Lakini wapo wachimbaji walioamini, kwa maneno ya waganga, kuwa kiungo cha mtu mwenye ualbino huvuta mali, na kwa imani hiyo Watanzania waliuawa na kukatwa viungo, watoto wakiwemo. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli. Marufuku haitoshi kama kambini mtu bado anaweza kuyasema hayo na wenzake wakanyamaza. Huo si utamaduni wetu, ni uuaji, na wazee wa machimbo wana wajibu wa kulisema hilo kwa sauti mbele ya kila kijana anayeshika kamba kwa mara ya kwanza.

Basi walimu, viongozi wa vijana na vikundi vya makanisa na misikiti ya Itigi, pangeni safari hii. Nendeni kiangazi, ardhi ikiwa kavu. Nendeni na mwenyeji anayelijua shimo, kwa ruhusa ya mwenye eneo, na msiingie mahali alipokataa kuingia. Msichukue jiwe wala kuchora jina ukutani. Waulizeni wazee majina ya waliofanya kazi humo, mkayaandike, kwa kuwa wazee hao wanapungua kila mwaka na hakuna daftari jingine.