Je, Wajua? Siku ya Kukabidhiwa Gari
Nchini Norwei, ambako tangu mwaka 2001 mnunuzi wa gari la umeme alisamehewa kodi ya ongezeko la thamani, ilipoamriwa kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2023 kodi hiyo, ya asilimia 25, itozwe juu ya sehemu ya bei inayozidi krone 500,000, kilichoamua hatima ya mnunuzi hakikuwa siku aliyoagiza gari bali siku aliyokabidhiwa. Gari la krone 600,000, meli iliyolibeba ikikawia baharini hadi Januari, liliongezeka bei kwa krone 25,000. Ndipo Desemba 2022 yakasajiliwa magari mapya zaidi ya 39,000, na Januari hayakufika 2,000! Lakini raghba ya magari ya umeme haikufa: mwaka 2023 ulipotimia, magari manane na zaidi katika kila kumi mapya yalikuwa ya umeme.