Vuli Yetu Si Msimu wa Majani Kupukutika

Kila nisomapo hadithi zilizotafsiriwa kutoka lugha za Ulaya, hukutana na msimu ambao majani ya miti hugeuka manjano na mekundu, kisha yakaanguka chini, ndege wakahamia nchi za mbali na watu wakaanza kutafuta makoti. Wafasiri kadha huuita msimu huo "vuli". Sasa mfikirie mwanafunzi wa Kitui au Makueni anayeisoma hadithi hiyo mwezi wa Novemba. Akichungulia nje ya dirisha, anaona mibuyu na migunga iliyokuwa mikavu tangu kipupwe ikivaa majani mabichi. Kitabu kinamwambia kwamba vuli ni wakati wa majani kufa, ilhali macho yake yanamwonyesha kwamba ni wakati wa majani kuzaliwa. Amwamini nani?

Yamkini waliolitumia neno hilo walitazama kalenda pekee. Majani ya Ulaya huanguka kati ya Septemba na Novemba, na vuli yetu hunyesha kati ya Oktoba na Desemba. Miezi inakaribiana, lakini mambo yenyewe yanapingana kama usiku na mchana.

Huko Ulaya, mbali na ikweta, mchana huanza kufupika na baridi kuingia. Mti hukoma kutengeneza ile rangi ya kijani, manjano iliyokuwa imejificha chini yake ikajitokeza, na hatimaye jani likakatika. Watu wa huko huupokea msimu huo kwa hisia mbili: hufurahia mavuno na uzuri wa rangi, lakini husikitikia jua linalowakimbia. Mimi siwacheki. Kila taifa lina haki ya kuyalilia na kuyashangilia majira yake.

Sisi ikweta imetupitia katikati. Pale Nanyuki na Maseno, mchana hautofautiani sana na usiku mwaka mzima. Kinachoyageuza majira yetu ni pepo na mvua. Ukanda wa mvua hulifuata jua linapoelekea kaskazini na linaporejea kusini, kwa hivyo sehemu kubwa ya nchi yetu hupata misimu miwili ya mvua. Watu wa pwani waliyajua haya kabla ya vyombo vya kupimia hali ya anga kuletwa. Kaskazi, upepo wa Desemba hadi Machi, ndio uliozileta jahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kusi, uanzao Aprili, ndio uliozirudisha. Kati ya Machi na Mei ni masika, mvua kubwa. Kisha huja kipupwe na baridi yake, halafu demani, bahari inapotulia. Baada ya hapo ndipo vuli hubisha hodi. Kila jina hapa limebeba maarifa: lini upande, lini uvue, lini usafiri.

Na vuli, msomaji wangu, ni mgeni mwenye nyuso mbili.

Uso wa kwanza ni wa neema. Katika nyanda kavu za mashariki, kama vile Ukambani, wakulima huitegemea vuli kuliko masika, kwa kuwa masika huko huwadanganya mara nyingi zaidi. Mawingu yakianza kujikusanya Oktoba, majembe hutolewa. Kunde, mbaazi, ndengu na mahindi hutiwa ardhini. Kumbikumbi huruka, watoto wakawakimbilia kwa vibuyu na makopo. Mifugo iliyobaki mifupa hupata nyasi. Nyumba iliyopata vuli njema ina chakula, tena ina karo ya muhula wa Januari.

Uso wa pili ni wa hofu. Vuli ya mwaka 1961 ilileta mafuriko ambayo wazee bado huyasimulia. Ya 1997, mwaka ambao Wakenya wengi walilisikia jina El Niño kwa mara ya kwanza, ilibomoa madaraja na kukata barabara. Novemba 2019, maporomoko ya ardhi yaliwaua makumi ya watu katika Pokot Magharibi. Aidha, msimu huohuo huweza kutotokea kabisa. Tangu vuli ya 2020 hadi ile ya 2022, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika nyanda kavu, na mifugo ikafa kwa mamilioni katika Pembe ya Afrika. Kisha ikaja vuli ya 2023, na watu walewale wa Garissa, Mandera na Tana River waliokuwa wakiomba tone wakahamishwa makwao na maji. Wataalamu wanatueleza kwamba chanzo kimoja kikubwa kiko baharini: maji ya Bahari ya Hindi yakipata joto upande wetu, vuli hufurika, yakipoa upande wetu na joto likaelekea Indonesia, vuli hutunyima.

Mimi mwenyewe, niliyesimama mbele ya ubao kwa miaka mingi, huipokea vuli kwa moyo uliogawanyika. Harufu ya udongo unaponyeshewa kwa mara ya kwanza hunifurahisha hadi leo. Hata hivyo, vuli huja wakati wa muhula wa tatu, muhula wa mitihani ya taifa. Mvua ikigonga mabati ya darasa, sauti ya mwalimu humezwa. Mto ukijaa, madawati ya watoto wa ng'ambo hubaki wazi. Imewahi kulazimu karatasi za mitihani zipelekwe kwa helikopta. Mwalimu huomba mvua inyeshe kwa ajili ya shamba la mzazi, na papo hapo akaomba isinyeshe kwa ajili ya njia ya mtoto. Si unafiki. Ndivyo vuli ilivyo, na mtu mzima hujifunza kuzibeba dua zote mbili.

Wapo watakaonipinga wakisema kwamba lugha hukua, na Kiswahili kinahitaji jina la huo msimu wa Ulaya. Naam, kinahitaji, na tayari kinalo. Wengine husema mapukutiko, wengine majira ya kupukutika majani. Maneno hayo yanaeleza jambo lenyewe waziwazi wala hayamwibii mtu. Wenzetu wa Tanzania hutangaza rasmi utabiri wa mvua za vuli na za masika kwa majina hayohayo. Kwetu Kenya, mara nyingi tunasikia "mvua fupi", tafsiri ya sisisi ya Kiingereza, kana kwamba mvua hupimwa kwa rula. Hivyo tunaiita mvua yetu kwa jina la kuazima, na jina lake halisi tunawapa majani ya Ulaya. Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Walimu wenzangu, dawa ya jambo hili haihitaji fedha. Vuli inapokaribia, waambieni wanafunzi waende kwa babu na nyanya zao wakaulize msimu huu unaitwaje kwa lugha ya nyumbani, na ni dalili zipi zinazoutangulia. Wawekeni mkebe uani wapime maji ya kila siku, waandike tarehe ya tone la kwanza na jina la mti wa kwanza kuchipuza. Baada ya miaka kumi, shule itakuwa na kumbukumbu ambayo haipatikani dukani.

Nanyi wanafunzi, mnapoandika insha kuhusu majira, msikariri theluji ambayo hamjaiona. Andikeni juu ya kumbikumbi, matope, daraja lililosombwa na sufuria iliyojaa kunde mbichi. Andikeni furaha yenu na hofu yenu katika ukurasa mmoja. Mtahini mwenye busara hatawaona kuwa mmejikanganya. Msimu ambao huja na chakula mkono mmoja na mafuriko mkono wa pili haustahili kusifiwa tu wala kulaaniwa tu. Unastahili kujulikana, na hatua ya kwanza ya kuujua ni kuuita kwa jina lake.