Bombardier au Dreamliner? Neno kwa Wanaotamani Urubani

"Shangazi, lini utaachana na Bombardier urushe dege la kweli?" Binti wa kaka yangu huniuliza hivyo kila nikija likizo Rusimbi, Kigoma. Dege la kweli kwake ni Dreamliner. Wauza migebuka wa Kibirizi nao huniuliza, na hata abiria niliowatua salama dakika chache zilizopita. Wote wanaamini urubani ni ngazi moja: chini ndege za pangaboi, juu madege ya kuvuka bahari, na aliyebaki chini ameshindwa.

Mimi nilianza na safari za ndani, nikaenda Ghuba kurusha ndege kubwa kwa miaka kadhaa, kisha nikarudi nyumbani kwa hiari yangu. Ninachojua ni kwamba hizi ni kazi mbili tofauti zinazotumia leseni moja.

Mlango wa kuingilia ni mmoja. Ili ulipwe kwa kurusha ndege lazima uwe na leseni ya urubani wa biashara, ambayo kwa viwango vya kimataifa inahitaji saa 200 angani, au 150 ukisoma mfululizo katika chuo kilichoidhinishwa. Leseni ya juu, ile inayomwezesha mtu kuwa kapteni wa ndege ya abiria ya shirika, inahitaji saa 1,500. Hapo katikati ndipo vijana wengi wanapokwama. Wamemaliza chuo, wazazi wametumia makumi ya maelfu ya dola, na hakuna anayewapa ndege. Waliofanikiwa wengi walijaza saa hizo hapa hapa Tanzania, wakipeleka watalii Serengeti na Zanzibar kwa ndege ndogo za injini moja kama Caravan, kisha wakahamia ATR au Q400, hiyo ambayo watu wanaiita Bombardier. Kwa hiyo swali la utaanzia wapi huwa limeshajibiwa. Linalobaki ni utaishia wapi.

Zamani hata swali hilo halikuwa na maana kubwa kwetu. East African Airways ilivunjika mwaka 1977, Shirika la Ndege Tanzania likaanzishwa mwaka huo huo, na baadaye ikafika miaka ambayo shirika lilikuwa halina ndege za kutosha hata kwa safari za ndani. Mwaka 2016 zikaja Q400 mbili, na 2018 ikatua Boeing 787-8 ya kwanza, ndiyo hiyo Dreamliner. Leo kijana anaweza kuanzia safari za Kigoma na kumalizia za Guangzhou bila kubadilisha mwajiri.

Sasa tazama kazi zenyewe. Siku yangu huanza kabla ya adhana ya alfajiri, Dar es Salaam. Tunaruka Tabora, tunaruka Kigoma, tunarudi kwa njia ile ile. Tumetua mara nne, marubani wawili tu, na nyuma yetu abiria wasiozidi 76. Ni kama meli ya Liemba enzi zake ikielekea Mpulungu: hujapumua, kijiji kingine hiki hapa. Na Kigoma ina mambo yake. Kwa miaka mingi njia ya kurukia haikufika kilomita mbili, kwa hiyo ukishagusa lami huna muda wa kutafakari. Kiangazi moshi wa mashamba hufunika vilima. Kuanzia Novemba hadi Aprili, mawingu ya mvua husimama kama yamealikwa. Q400 haipandi zaidi ya mita 7,600 hivi, kwa hiyo mengi ya mawingu hayo hatuyaruki, tunayazunguka kwa kuangalia rada. Dreamliner hupanda zaidi ya mita 12,000, na huacha chini sehemu kubwa ya hali mbaya ya hewa. Ndege ndogo hainipi nafasi ya kusahau mikono yangu.

Safari ndefu hutaka ujuzi mwingine. Safari ya Kenya Airways kutoka Nairobi hadi New York, iliyoanza Oktoba 2018, huchukua takriban saa 15 na huwa na marubani wanne wanaopokezana. Wawili wakiwa kazini, wengine wanalala. Kwa saa nyingi mitambo ndiyo inayoongoza ndege, nawe unafikiria mbele: mafuta, upepo, na uwanja upi utakimbilia injini moja ikizima katikati ya bahari. Kazi hiyo inahitaji kichwa kilichotulia, na kukaa macho wakati mwili unadai usiku umeingia. Lakini mwezi mzima unaweza kupita umetua mara mbili tu. Kanuni inataka uwe umeruka na kutua angalau mara tatu ndani ya siku 90, na wapo wanaokamilisha hesabu hiyo kwenye simuleta.

Mshahara wa safari ndefu kwa kawaida ni mkubwa zaidi, na Ghuba mara nyingi huongeza nyumba na ada za watoto. Bei yake hulipwa kwa namna nyingine. Guangzhou iko saa tano mbele yetu, New York iko saa saba au nane nyuma, na usingizi haufuati rosta. Mama yangu mdogo alizikwa Rusimbi nikiwa angani kuelekea Sydney. Nilipowasha simu, watu walikuwa wameshatoka makaburini. Kisha likaja janga la korona mwaka 2020. Mashirika mengi ya Ghuba yalipunguza marubani, na kwa mgeni kibali cha kuishi hufuata ajira. Niliona wenzangu wenye saa nyingi kuliko mimi wakifunga virago na familia nzima.

Sisemi safari ndefu ni mbaya. Kapteni Irene Koki Mutungi wa Kenya Airways, Mwafrika wa kwanza wa kike kuwa kapteni wa 787, ni fahari yetu sote, na binti wa Rusimbi anaweza kufika huko. Kama unapenda miji ya mbali, unalala popote, na nyumbani kwako wanaelewa, nenda. Kama unapenda kuishika ndege kwa mikono yako na kulala kwako siku nyingi, baki ndani bila aibu. Ila kabla ya kusaini popote, soma kipengele cha mafunzo ya aina ya ndege, maana mara nyingi kinakufunga kwa miaka, na ukiondoka mapema unadaiwa gharama.

Kwa wazazi nina ombi moja. Msiuze kiwanja kwanza. Mpelekeni mtoto kwa daktari anayetambuliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, apimwe afya ya daraja la kwanza: macho, masikio, moyo. Bila cheti hicho hakuna Bombardier wala Dreamliner. Akifaulu, ndipo mzungumzie ada.